Jina Lililonunua Kitanda

Katika bweni la wasichana la shule moja ya msingi iliyoko tambarare, chini ya Mlima Hanang, kuna kitanda cha mbao karibu na dirisha. Fundi aliyekitengeneza aliandika kwa rangi nyeupe, kwenye ubao wa upande wa kichwa, majina matatu ya mtoto aliyepangiwa kukilalia: lake, la baba yake na la babu yake. Mama wa mtoto huyo, Agatha, huyataja mawili ya mwanzo kama mtu yeyote. La tatu amelitaja mara moja tu tangu aolewe. Siku hiyo watu walimpigia makofi.

Agatha alizaliwa upande wa Basotu, katika boma la wafugaji wa Kibarbaig ambamo hapakuwa na mtu aliyewahi kukaa darasani. Jina la Agatha alipewa na katekista akiwa msichana mkubwa, akalipokea kama mgeni anavyopokea chai katika nyumba ya watu, kwa mikono miwili, bila kuuliza kama ina sukari. Kabla ya hapo aliwahi kuandikishwa darasa la kwanza. Siku ya kwanza mama yake alimpaka siagi mwili mzima, kama alivyompaka siku za heshima, na mwalimu akamwomba akae dirishani kwa sababu ya harufu. Kesho yake alikaa dirishani tena. Siku zilizofuata watoto wenzake, wengi wao wa wakulima Wairaqw, walimwachia upande ule wote wa darasa. Ndugu zake walipoona amerudi kuchunga, walidhani amefukuzwa, wakataka kwenda kumwona mwalimu na fimbo zao. Aliwazuia. Hakuna aliyenifukuza, aliwaambia, niliacha tu kwenda.

Aliolewa na Yonas, mfugaji wa tambarare za Hanang, na huko ndiko alikoanza shule ya pili. Kwa Wabarbaig, mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana na jina hilo. Baba mkwe wa Agatha alizaliwa wakati wa mvua, na jina lake lilibeba mvua. Kwa hiyo tangu siku ile, katika lugha yao, Agatha hakuwa tena na neno la mvua ambalo alikuwa amelitumia tangu utoto. Alipewa jingine, lile la wake wa boma lile, na mengine kadhaa ya kuchukua nafasi ya maneno yaliyokuwa karibu mno na jina la mzee.

Aliyempa maneno hayo ni mama mkwe. Hakuwa mwanamke wa kukaripia. Agatha alipoteleza, mama mkwe alimgusa goti kwa kidole kimoja, basi, naye akasimama katikati ya sentensi na kutafuta neno sahihi. Ilikuwa kazi ya jioni, wakati wa kukamua, na mara nyingine walicheka, kwa sababu binti aliyetoka Basotu akijua kusema kila kitu alikuwa sasa anazungukazunguka kama ndama aliyepotelewa na mama yake ili tu aseme kwamba kesho mawingu yatashuka. Baada ya miaka hakuteleza tena. Mzee alipofariki, wale wanawake wawili waliendelea kulitunza jina lake vilevile. Hapakuwa na kitu kingine ambacho wangeweza kuendelea kumfanyia.

Loveness ni mtoto wa tatu wa Agatha na binti wa kwanza. Jina hilo alipewa na nesi wa zahanati, na nyumbani walilizoea. Alipofika umri wa shule, Yonas hakutaka aende. Shule ilikuwa mbali, kati yake na boma palikuwa na korongo linalojaa ghafla, na kila kiangazi kirefu familia ilihama na ng'ombe kuelekea Singida. Mtoto anayehama miezi yote hiyo atasoma nini? Bibi ndiye aliyekata shauri. Aliwahi kulazwa hospitali kwa muda mrefu, katikati ya watu ambao hakuwaelewa, mpaka asubuhi moja nesi kijana akamsalimu kwa Kibarbaig. Tangu hapo alisema anataka mjukuu mmoja wa kusimama mahali kama pale, ili mzee mwingine asije akalala siku zote hizo bila mtu wa kumsemesha. Yonas hakubishana na mama yake. Loveness akaenda shule, akikosa siku nyingi kuliko alizohudhuria, na kila aliporudi alikuta wenzake wamesonga mbele na jina la Mang'ati, ambalo wengine huwaitia Wabarbaig kwa dharau, linamsubiri mlangoni.

Mwishoni mwa mwaka 2023 tope la mlima lilishuka Katesh, likafunika nyumba za mtaa wa Jorodom na watu waliokuwamo. Kaka yake Agatha, aliyekuwa amejenga huko, alipona kwa sababu alikuwa safarini. Magari ya misaada yalikuja mengi. Baadaye mengi yaliondoka, lakini mashirika mawili matatu yalibaki na kuanza kuangalia shule za vijijini, na moja likaja na jambo lililoitwa Ubia: shule, wazazi na shirika wafanye kazi pamoja ili kila mtoto ajione kuwa shule ni yake. Aliyeletwa kusimamia alikuwa Wolfgang, kijana wa Kiiraqw kutoka Dongobesh, msomi, mpole, aliyewaamkia shikamoo wanawake wote wenye umri wa mama yake bila kumruka hata mmoja.

Katika mkutano wa kwanza, Wolfgang alisimama mbele ya wazazi akasema kwamba watoto wa wafugaji hawafukuzwi shuleni, wanaacha tu kwenda, kwa sababu hakuna anayewafanya wajione ni wa pale. Agatha alikuwa amekaa chini, nyuma, karibu na mlango. Maneno yale aliyatambua. Alikuwa akiyasema kwa ndugu zake tangu utoto, na sasa yalikuwa yanasemwa na mtu mwenye kalamu mfukoni, mbele ya diwani. Mkutano ulipouliza nani kati ya wanawake wa wafugaji atakuwa mjumbe wa Ubia, alinyoosha mkono kabla hajajua ataulizwa nini.

Waliamua kujenga bweni. Shirika lingeleta saruji na mabati, wazazi wangeleta mchanga, mawe na maji. Kiangazi chote Agatha alibeba maji kwa punda wake, madumu mawili kila ubavu, kutoka bwawani hadi mahali pa ujenzi. Hapo ndipo alipojuana na Kornelia, mkulima aliyezaliwa Endagikot na kuolewa chini tambarare, mwanamke mwenye mdomo na mikono ya kufyatua matofali kama mwanaume. Kornelia alimtania kwamba punda wake wana adabu kuliko mume wake, na kwamba Wabarbaig wakinyimwa maziwa siku moja wanaanza kuandika wosia. Agatha alimjibu kwamba Wairaqw wamekula ugali mpaka wanaota mahindi masikioni.

"Jirani, angalia vizuri," alimwambia, "hilo sikio la kushoto liko tayari kuvunwa."

Kornelia alicheka mpaka akakaa juu ya matofali mabichi, akaharibu mawili.

Bweni liliezekwa. Vitanda vilitengenezwa, lakini havikutosha watoto wote walioomba, kwa hiyo wale wa mbali zaidi waliwekwa mbele, na Loveness alikuwa miongoni mwao. Kwa Agatha hakukuwa na jambo jingine duniani mwaka ule. Kama binti atapata kitanda, Yonas atahama na ng'ombe bila yeye, na korongo lijae litakavyo. Kama hatapata, ataondoka na ng'ombe, na hatarudi darasani. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na bibi alikuwa ameanza kuulizia kama shuleni watampa mtoto maziwa.

Kisha Wolfgang akarudi kutoka semina ya Arusha na utaratibu mpya. Siku ya ufunguzi, kila mzazi angesimama mbele na mtoto wake, amshike bega, ataje kwa sauti majina yake matatu, kisha aseme, "Ni wangu, na kuanzia leo ni wetu." Umati ungeitikia, "Ni wetu!" Mtoto angepewa blanketi na kuonyeshwa kitanda chake. Ilielezwa kwamba mtoto akitajwa hivyo mbele ya watu wote hawezi tena kujiona mgeni. Wazazi walipiga makofi. Jambo lenyewe lilikuwa zuri, na hata Agatha aliliona zuri, mpaka alipofika nusu ya njia kwenda nyumbani akiwa nyuma ya punda wake, akajaribu kulifanya moyoni.

Alirudi siku ileile kumtafuta Hermani, mwenyekiti wa kamati ya shule, mkulima mtu mzima aliyekaa na Wabarbaig maisha yake yote na kuzijua mila zao. Alimwamkia, akamweleza kwamba yeye hawezi kutaja jina la tatu. Hakuzunguka.

"Mama Loveness, hayo ya nyumbani kwenu tusiwachoshe nayo wageni," Hermani alisema. "Baba yake si yupo? Atakuja, atataja, yataisha."

Hilo lilikuwa kweli. Yonas angeweza kulitaja jina la baba yake bila taabu yoyote, na alikubali kuja. Lakini wageni wa shirika walibadilisha siku. Waliisogeza kwa sababu ya ndege yao, na siku waliyoichagua ilikuwa siku ya mnada wa Katesh. Hakuna aliyewaambia kwamba siku hiyo huwezi kumpata mwanaume wa kifugaji mwenye ng'ombe wa kuuza popote isipokuwa mnadani. Yonas alikuwa na madume ya kuuza kabla majani hayajaisha, na wanawe wawili wakubwa ndio wa kuyaswaga. Alimwambia mke wake amwombe mwenyekiti alisome jina yeye mwenyewe. Agatha alikwenda tena kwa Hermani, na Hermani akasema sawa, amesikia, asiwe na wasiwasi.

Siku ya ufunguzi palikuwa na turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti na meza ya wageni yenye kitambaa cheupe. Watoto wengine wa wafugaji walisindikizwa na kaka au wajomba, na kwao majina yalitoka kama maji. Agatha alikuwa amevaa kitenge kipya na ushanga wake wote. Loveness alikuwa amenyolewa vizuri, amesimama mbele yake na soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini. Zamu yao ilipofika, Agatha alimshika binti bega, akakisogelea kipaza sauti.

"Huyu ni Loveness, wa Yonas," alisema, akanyamaza.

Alimtazama Hermani, aliyekaa meza ya wageni. Hermani alikuwa anageuza chupa ya soda kana kwamba imeandikwa habari za leo.

"Na jina la babu, mama?" Wolfgang aliuliza kwa upole.

Agatha alisema kwamba hilo yeye hasemi, mtu mwingine aseme. Alilisema kwa Kiswahili, na kilikuwa Kiswahili kizuri. Mgeni mmoja aliinama kumuuliza Wolfgang kuna nini, naye akamjibu kwamba mama anaona haya kidogo. Nyuma ya turubai mtu akasema Mang'ati hajui mtoto ni wa nani. Mwingine akasema waulizeni ng'ombe, wao wanajua. Kicheko kilipita kwenye viti kama upepo kwenye mahindi makavu, na Agatha akahisi bega la binti yake linashuka chini ya mkono wake.

Kornelia aliinuka katikati ya watu, akasema yeye atataja, anamjua mtoto huyu tangu msingi wa bweni unachimbwa. Wolfgang alimtabasamia, akamwambia ni lazima mzazi au ndugu wa mtoto, ndiyo maana ya shughuli nzima. Kisha akamsogelea Agatha na kushusha sauti. Wageni wana safari, alisema, na bila kukamilisha itabidi wampitishe mtoto mwingine kwanza, huyu wamwangalie baadaye. Wapo wengi wanaosubiri vitanda. Hakusema kwa ubaya.

Loveness alikuwa anatazama soksi zake.

Agatha akalitaja jina.

Lilitoka lote, kubwa, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa karibu. Likagonga ukuta wa bweni na kurudi. Halafu akasema, "Ni wangu, na kuanzia leo ni wetu," na umati ukaitikia kwa nguvu kuliko ulivyomwitikia mtu yeyote siku hiyo, na wale waliocheka ndio walioongoza makofi. Loveness alipewa blanketi la bluu. Agatha alibaki amesimama mpaka alipoombwa kuondoka, na kitu pekee alichokuwa anakihisi ni goti lake, mahali pale ambapo kidole cha mama mkwe kingemgusa.

Alifika nyumbani baada ya habari. Shemeji yake alikuwa ameiona video ya ufunguzi mnadani, kwenye simu, kabla hata ng'ombe hawajauzwa. Agatha alikamua kama kawaida, akajaza kibuyu na kumpelekea mama mkwe. Mama mkwe hakukipokea. Kibuyu kilikaa mlangoni pake mpaka maziwa yakaganda, na kesho yake cha pili kikakaa karibu na cha kwanza.

Wake wa boma walikutana. Haikuwa hukumu ya kikatili, na Agatha mwenyewe aliiona ya haki. Walisema wanajua hakulitoa jina kwa dharau, lilivutwa kinywani mwake. Basi waliolivuta waje. Itengenezwe pombe ya asali, waje wakae na wazee na mama wa nyumba, waseme kwamba kosa ni letu, si la huyu mwanamke. Baada ya hapo atapokelewa. Kabla ya hapo mama mkwe hatapokea kitu kutoka mkononi mwake, na Loveness akirudi likizo hatarudishwa bwenini. Bibi alizungumza mara moja tu.

"Mimi ndiye niliyesema mtoto asome," alisema. "Sikusema mume wangu auzwe ili mtoto apate pa kulala."

Agatha alitoka pale karibu na furaha. Walichotaka kilikuwa kidogo sana. Watu waliojenga bweni zima pamoja naye wangeshindwaje kuja kukaa nusu siku? Alikwenda kwa Hermani, ambaye alikiri kwamba alisahau, kisha akakiri kwamba hakusahau, ila aliogopa wageni wakisikia wazazi wana masharti wataacha kuezeka madarasa. Alimpa namba ya Wolfgang. Akaipeleka kwa Kornelia, naye akapiga na kumpa simu.

"Shikamoo mama," Wolfgang alisema. Alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini mama, mbona hukutuambia? Tungemwachia mtu mwingine ataje."

"Nilimwambia mwenyekiti. Na pale mbele nilikuambia wewe."

Kisha Wolfgang akasema pole, akasema kwa dhati, na akaahidi kuja mwenyewe. Ila kwanza kulikuwa na mkutano wa wabia wote Mbulu, na wangependa Agatha awepo. Wangemkutanisha na wakubwa, jambo lingekuwa rahisi zaidi.

Alipanda basi kwa mara ya kwanza kuelekea huko, akapita Dongobesh amebana mkoba wa Kornelia mapajani, akaingia kwenye ukumbi wenye baridi. Ukutani palikuwa na bango lenye picha yake, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mdomo ulikuwa wazi. Walikuwa wamempiga picha wakati uleule jina linatoka. Hakujua kusoma, akamuuliza mwanamke aliyekuwa akigawa maji pameandikwa nini, naye akamsomea: Mama Aliyevunja Ukimya.

Walimpandisha jukwaani. Alikuwa ameyapanga maneno yake ndani ya basi, machache, ili yasipotee. Alisema hana mengi. Alisema anaomba mtu mmoja tu wa Ubia aje nyumbani kwao, akae na mama mkwe wake, amwambie kilichotokea, kwa sababu bila hivyo mtoto ataondolewa shuleni. Wageni walimgeukia Wolfgang awatafsirie. Wolfgang alitazama meza ya mbele, ambako mkuu wake alikuwa amekaa na wafadhili, akasita, kisha akasema maneno mafupi. Watu wakatabasamu, wakapiga makofi. Agatha alimuuliza mwanamke wa maji wameambiwa nini.

"Kwamba unawakaribisha nyumbani kwako," mwanamke yule alisema.

Hata hivyo Wolfgang alipanga siku. Pombe ya asali ilitengenezwa. Wazee walikuja na vigoda vyao, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu ufunguzi, alitoka na kukaa nje, upande wa mbali na Agatha, lakini nje. Mawingu yalikuwa yamekaa mlimani tangu asubuhi. Gari la shirika lilifika shuleni. Kati ya shule na boma korongo lilikuwa limeanza kupitisha maji, si mengi, punda angevuka. Dereva aliyatazama akasema gari si lake. Wolfgang aliweka mguu majini, akautoa. Kulikuwa na shule nyingine ya kutembelea siku ileile. Aliacha kwa Hermani sukari, majani ya chai na zawadi kwa wazee, akaomba ziwafikie na salamu zake, na kwamba angekuja siku nyingine, kukikauka.

Jioni kijana wa pikipiki aliyevushwa na watu alizileta. Zawadi ilikuwa kalenda ya Ubia ya mwaka mpya. Mzee mmoja aliikunjua juu ya magoti yake. Mwezi wa kwanza ulikuwa na picha ya Agatha, mdomo wazi. Mama mkwe aliitazama kwa muda, akainuka, akaingia ndani. Wazee walikunywa pombe kwa sababu ilikuwa imeshatengenezwa.

Shule zilipofungwa Loveness alirudi. Alikuwa amenenepa, alikuwa na marafiki, alikuwa anachanganya Kiiraqw kwenye maneno yake bila kujua, na alijua kusoma maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi. Alimsomea bibi yake, na bibi alisikiliza, akampapasa kichwa, lakini uamuzi haukubadilika. Yonas hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mke wake kwamba mama amesema, na yeye hawezi kusimama juu ya jina la baba yake akampinga mama yake. Mvua zilikuwa zimekatika, na majani yalikuwa yameisha mapema. Wangeondoka wote kuelekea Singida na labda mbele zaidi, na Agatha, kwa kuwa jambo lake lilikuwa halijakwisha, angebaki kwa kaka yake mpaka wenye kosa watakapokuja.

Asubuhi ya kuondoka Loveness alikuja alipokuwa mama yake anafunga punda. Alikuwa amejifunga shuka, ameacha soksi.

"Mama, kwa nini ulilitaja?"

"Ili ukae."

Binti alilifikiria hilo. "Sasa sikai," alisema, akaenda kuwafuata ndama.

Agatha anaishi Jorodom kwa kaka yake, katika nyumba iliyojengwa upya mbali na njia ya tope, lakini siku nyingi hulala kwa Kornelia, karibu na shule, kwa sababu bado anabeba maji ya bweni. Ni punda tu alioachiwa, na hiyo ndiyo kazi yao. Tena, kama Loveness atarudi siku moja, pale ndipo atakapopita kwanza. Wolfgang alihamishiwa mradi mwingine kabla hajarudi. Aliyekuja baada yake ni mtu mwema pia, na alipoelezwa alisikitika, akasema jambo hilo lilitokea kabla yake. Utaratibu wa kutaja majina uliachwa bila mkutano wowote, kwa sababu ulikuwa unachukua muda mrefu na wageni walichoka. Siku hizi mwalimu huyasoma mwenyewe. Agatha alilijua hilo akiwa nje ya uzio, akimimina maji kwenye pipa, aliposikia majina yanasomwa haraka haraka, kwa sauti moja, na watoto wanaitikia.

Mvua zikija huziita kwa neno lile alilopewa jioni za kukamua. Kornelia haelewi neno hilo, na hakuna mtu mwingine karibu wa kulielewa.

Kitanda cha dirishani kilipewa mtoto mwingine. Matroni alimwomba fundi afute maandishi, naye akayakwangua, lakini rangi ilikuwa imeingia ndani ya mbao. Mtoto aliyekipata ni wa Kibarbaig, na mama yake alikuja naye mwenyewe, amemshika mkono, akasimama kando ya pipa la maji akimtazama Agatha namna watu wanavyomtazama mtu waliyemwona kwenye kalenda. Walisalimiana kwa lugha yao, kwa urefu, kama inavyotakiwa. Kisha yule mwanamke akashusha sauti.

"Niliambiwa hapa wanakulazimisha kutaja jina la mzee."

"Siku hizi hawalazimishi," Agatha alisema.

"Afadhali. Na wako analala kitanda kipi?"

Agatha aliinua dumu la pili, akaliinamisha juu ya pipa mpaka maji yote yakaisha.

"Hicho hicho cha wako," alisema.